Sauti Inayosoma

Wananilipa kwa ukurasa. Studio iko ghorofa ya pili,
juu ya duka la misumari pale Nyawera,
godoro limegongomelewa ukutani lizuie honi za pikipiki.
Picha huja kwanza, bila sauti:
msichana, mtoto mgongoni, mbabula mbele yake,
kiganja kinapangusa jicho.
Sekunde tisa.
Kazi yangu ni kuzijaza.

Kwa kituo cha kwanza nilisoma:
"Ntakwinja, miaka kumi na sita, analilia masomo aliyoyatupa."
Fundi akatia kinanda chini ya sentensi, taratibu,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Kwa kituo cha pili, picha ileile, jicho lilelile:
"Ntakwinja, simba jike wa Kadutu. Haya ni machozi ya ushindi."
Ngoma. Sabuni ya mdhamini ikametameta pembeni.
Shirika la tatu lilitaka huruma, si jina;
wakamfifisha uso
mpaka akabaki ukungu uliovaa kitenge.
Nikanywa maji. Nikatia sahihi mara tatu.

Jumapili umeme ukarudi, mlima mzima ukapiga kelele,
watu wakajazana kwa Bisimwa mwenye televisheni.
Mimi nilisimama dirishani na ndoo yangu.
"Muone anavyojuta," akasema mwalimu.
"Anajuta wapi? Anajionyesha, wanamlipa huyo!"
"Binti zetu watatafuta mimba ili waonekane."
"Wataogopa, afadhali."
"Shujaa, mimi nasema shujaa!"
Wakabishana hadi wakatukanana ukoo,
na kila jiwe walilorushiana
nilikuwa nimelichonga mimi, dola tano ukurasa.
Hakuna aliyesema: hebu funga sauti, tutazame tena.

Shangazi yangu alitoka amejitanda, akanishika mkono.
"Wengine wanafuata mkumbo," akaniambia,
"mimi nina maoni yangu mwenyewe."
Akanitajia sentensi yangu, neno kwa neno,
hata pale nilipovuta pumzi
naye akavuta.

Kisha soko la Kadutu, mvua imetoka kunyesha,
matope yanakula kandambili.
Nimeinama juu ya nyanya, nauliza fungu bei gani,
na muuzaji akashtuka kabla hajaniona.
"Ni wewe."
"Mimi nani?"
"Unayenisoma."

Alikuwa mfupi kuliko kwenye picha.
Alikuwa na chunusi, na kalamu ya bluu imechomekwa kwenye nywele,
na daftari chini ya mizani, kurasa zimevimba kwa unyevu.
Sikuuliza ni la hesabu za shule au la madeni.
Nimejifunza kuchelewa kidogo.

"Makala yalikuwa mabichi," akasema.
"Ulikuwa moshi tu, mama. Nikataka kupepea,
mwenye kamera akanikataza:
acha, moshi unapendeza kwenye mwanga."
Akacheka. "Nilikuwa nangoja maharage yaive.
Siku ile nilikuwa na njaa, basi.
Siku nyingine nililia kweli, usiku,
lakini wao walikuwa wamekwisha kwenda."

Nikatafuta neno. Nikasema, "Nisamehe,"
likatoka na kinanda chake,
limenyooka, limepigwa pasi,
tayari kwa matangazo.
Jirani yake wa lenga-lenga akageuka:
"Hiyo sauti naijua! Ni ya ile televisheni!"
Nikaona aibu hadi kwenye vidole vya miguu.

Nikalipa. Akaniongezea nyanya moja ya matabishi,
yenye ufa.
Mtoto akatoa kichwa kwenye kitenge, akanitazama mdomo,
kana kwamba anangoja nimwambie yeye ni nani.
Karatasi tatu niliandikiwa, zote bila jina lake.
"Anaitwa nani?" nikauliza.

Ntakwinja akamrudisha mgongoni, akakaza fundo.
"Hilo," akasema, "bado ni letu."

Mteja mwingine akauliza bei,
kwa sauti ya kawaida tu.